Mtindo na Hoja katika Falsafa Changanuzi

Falsafa changanuzi ilipoanza Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, uasi wake ulikuwa pia wa uandishi. Wadhanifu (wanafalsafa walioshikilia kwamba uhalisi kwa msingi wake ni wa kiakili) waliotamba katika vyuo vya Uingereza, F. H. Bradley akiwa mbele, walipenda nathari ya fahari. G. E. Moore aliwajibu mwaka 1903 kwa lugha kavu: anachukua dai moja, anauliza lina maana gani, analisema upya, anauliza tena. Msomaji huchoka, lakini hoja imo humo humo, kwa kuwa utata wa dai hauonekani mpaka lisemwe kwa njia mbili tatu. Mwaka 1939, akithibitisha kwamba vitu vya nje ya akili vipo, aliinua mkono mmoja, kisha wa pili. Maneno makubwa yangeiua hoja hiyo.

Bertrand Russell alifanya uandishi wenyewe kuwa chombo cha mantiki. Katika makala yake ya 1905 kwenye jarida la Mind alichukua sentensi isemayo kwamba mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara, ilhali Ufaransa ni jamhuri. Aliivunja vipande vitatu: yupo mfalme, ni mmoja tu, naye ana upara. La kwanza likianguka, sentensi nzima ni ya uongo, na fumbo la kumsema mfalme asiyekuwepo limekwisha. (Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 1950, ingawa si kwa makala hiyo.)

Ludwig Wittgenstein, mwanafunzi wake, alishika njia nyingine. Tractatus, ya 1921, ni kauli fupi zenye namba za desimali zinazoonyesha uzito wa kila kauli. Uthibitisho ni haba. Katika Philosophical Investigations, kilichotoka 1953 baada ya kifo chake, sauti isiyo na jina inauliza na kubisha, na wasomi bado wanabishana ni wapi anaposema mwandishi mwenyewe.

Kilichotia fora majaridani, hata hivyo, ni ufupi. Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha katika Analysis kurasa tatu za kupinga fasili ya maarifa kuwa ni imani ya kweli yenye sababu za kutosha. Smith ana sababu nzuri za kuamini kwamba Jones, mwenye sarafu 10 mfukoni, ndiye atakayepewa kazi. Anahitimisha kwamba atakayepewa kazi ana sarafu 10. Kazi anaipata Smith, na bila kujua, naye anazo 10. Aliloamini ni kweli, lakini hakulijua. Kazi yenyewe ni ipi, na hao wawili ni kina nani, Gettier hasemi: kila pambo lingempa mpinzani pa kushika.