Kutegemea, Kujitegemea, Kutegemeana: Wanazuoni wa Nchi za Kusini na Lugha ya Maarifa



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana kuwa ya wanauchumi na wanadiplomasia, wala si ya mwanaisimu. Inahusu historia ya ushirikiano wa wanazuoni wa nchi zinazoendelea, ambazo siku hizi tumezoea kuziita nchi za Kusini, katika masuala ya biashara, maendeleo na uendeshaji wa mambo ya dunia. Nimeichagua kwa sababu historia hiyo, tangu mwanzo wake, ni historia ya maneno pia: nani aliyatoa, katika lugha gani, na yalipita njia ipi hadi yakatufikia.

Nitaongozwa na kitenzi kimoja cha Kiswahili, yaani kutegemea. Kitenzi hiki kinahitaji yambwa, kwani anayetegemea lazima awe na anachokitegemea. Tukiweka kiambishi kirejeshi -ji- katika nafasi ya yambwa, tunapata kujitegemea. Tukiongeza kiambishi cha kutendana -an-, tunapata kutegemeana. Katika Kiingereza, dhana ya kwanza na ya pili huelezwa kwa maneno ya mizizi tofauti, hata msikilizaji akadhani kwamba ni hali mbili zisizohusiana. Kiswahili kinatuonyesha kwamba tendo ni lile lile; kinachobadilika ni nani anayeegemewa.

Hoja yangu ni kwamba ushirikiano wa wanazuoni wa Kusini umepita katika hatua tatu zinazolingana na maumbo hayo matatu, na kwamba hatua ya tatu haitakamilika iwapo maarifa yenyewe yataendelea kusafiri kwa lugha za wengine peke yake.

2.0 Kutegemea: kutoka Santiago hadi Dakar

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa uliunda Kamisheni ya Uchumi ya Amerika ya Kilatini, yenye makao yake Santiago, Chile. Mwaka uliofuata, Raúl Prebisch, mwanauchumi wa Argentina aliyewahi kuongoza benki kuu ya nchi yake, aliiandikia kamisheni hiyo taarifa iliyotikisa mafundisho ya uchumi ya wakati ule. Akitumia takwimu za bei za tangu 1876 hadi 1947, Prebisch alidai kwamba bei za mazao ghafi zilikuwa zikishuka kadiri miaka ilivyopita, zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Kwa hiyo nchi inayouza kahawa au shaba na kununua mashine hulazimika kuuza zaidi ili inunue kile kile.

Hoja hiyo haikubaki vitabuni. Mwaka 1964 Prebisch alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo, uliofanyika Geneva. Mwishoni mwa mkutano huo, tarehe 15 Juni, nchi zinazoendelea zilitoa tamko la pamoja, na hapo likazaliwa Kundi la 77. Ni nadra katika historia ya diplomasia kuona utafiti ukizaa umoja wa mataifa mengi kiasi hicho.

Kizazi kilichofuata kiliipeleka mbele hoja ya Prebisch na kuipa jina la nadharia ya utegemezi. Mwaka 1969 Fernando Henrique Cardoso wa Brazili na Enzo Faletto wa Chile walichapisha kwa Kihispania kitabu chao kuhusu utegemezi na maendeleo katika Amerika ya Kilatini. Barani Afrika, Samir Amin, mwanauchumi wa Misri, alichapisha kwa Kifaransa mwaka 1970 kitabu chake kikubwa kuhusu ulimbikizaji wa mtaji duniani. Mwaka huo huo alianza kuiongoza taasisi ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya uchumi na mipango iliyoko Dakar. Mjini humo, mwaka 1973, liliundwa baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, yaani CODESRIA, ambalo lingali linafanya kazi hadi leo.

Hata hivyo, tuangalie njia zilizopitwa na vitabu hivyo. Kitabu cha Amin kilipatikana kwa Kiingereza mwaka 1974, kilipochapishwa New York. Kile cha Cardoso na Faletto kilisubiri hadi 1979. Msomaji wa Dar es Salaam asiyejua Kihispania wala Kifaransa alilazimika kungoja miaka minne katika hali ya kwanza na miaka kumi katika hali ya pili, na kungoja kwenyewe kulitegemea uamuzi wa wachapishaji wa Marekani. Wanazuoni waliokuwa wakieleza jinsi bidhaa za Kusini zinavyolazimika kupitia masoko ya Kaskazini walikuwa nao wakiwasiliana kwa njia hiyo hiyo. Utegemezi walioutafiti ulikuwa pia katika rafu za maktaba zao.

3.0 Kujitegemea: Dar es Salaam na Arusha

Hatua ya pili inatuhusu kwa karibu zaidi. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliandikwa kwa Kiswahili kabla ya kutolewa kwa Kiingereza. Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea ilijadiliwa kwa lugha ambayo mkulima na waziri waliitumia kwa pamoja. Neno kujitegemea halikuhitaji kamati ya istilahi. Lilikuwa tayari vinywani mwa watu, na lilikuwa na jamaa yake katika methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Katika miaka hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kituo cha wanazuoni kutoka pande nyingi za Kusini. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapo, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa kwa pamoja London na Dar es Salaam. Justinian Rweyemamu, mwanauchumi Mtanzania, alitoa mwaka 1973 kitabu kuhusu kudumaa kwa uchumi na ujenzi wa viwanda nchini Tanzania. Kazi hizo zilizungumza na Santiago na Dakar, ingawa zilizungumza kwa Kiingereza.

Kwa upande mwingine, hoja ya Prebisch iliingia katika Kiswahili kwa mlango ambao wanaisimu hatuuchunguzi vya kutosha. Haikuingia kwa istilahi bali kwa mfano. Katika miaka ya 1970 Mwalimu Julius Nyerere alipenda kueleza kwamba mkonge uliotosha kununua trekta moja miaka michache iliyotangulia haukutosha tena, na kwamba mkulima alitakiwa kuuza mwingi zaidi ili apate trekta lile lile. Huo ni muhtasari wa nadharia nzima, na aliyeusikia aliweza kuueleza kwa jirani yake bila kupungukiwa na kitu.

Mwezi Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77 walikutana Arusha. Nyerere aliwafungulia mkutano kwa kulifananisha kundi hilo na chama cha wafanyakazi cha maskini. Mkutano ulipitisha programu ya kujitegemea kwa pamoja. Dhana hiyo haikuzaliwa Arusha, kwani nchi zisizofungamana na upande wowote zilikwisha kuijadili mapema katika muongo ule. Lakini ni jambo la maana kwamba ilikuja kupewa jina la mji ambao tayari ulikuwa umebeba neno lake kwa Kiswahili.

4.0 Kutegemeana: kutoka Tume ya Kusini hadi BRICS

Muongo wa 1980 ulikuwa wa madeni na masharti ya mashirika ya fedha. Katika hali hiyo iliundwa Tume ya Kusini, iliyofanya kazi kuanzia 1987 hadi 1990 chini ya uenyekiti wa Nyerere. Katibu Mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, ambaye baadaye, mwaka 2004, alikuwa Waziri Mkuu wa India. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Celso Furtado wa Brazili, aliyekuwa amefanya kazi na Prebisch huko Santiago, na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilisisitiza jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita: kwamba nchi za Kusini hazijuani. Kutegemeana hakuwezekani pasipo kujuana.

Matokeo ya kudumu ya tume hiyo ni Kituo cha Kusini, kilichopo Geneva, ambacho tangu 1995 ni taasisi ya kiserikali ya nchi zinazoendelea. Manufaa yake yanaweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Mwaka 2000 kituo hicho kilichapisha kazi ya Carlos Correa wa Argentina iliyoeleza jinsi nchi zinazoendelea zinavyoweza kuzingatia afya ya umma katika sheria zao za hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze alichovumbua. Hilo lilikuwa suala la uhai. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350. Mwezi Novemba mwaka huo, mjini Doha, wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walitamka kwamba mkataba wa haki miliki haupaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele katika kulidai tamko hilo. Hapa utafiti wa Argentina, viwanda vya India na sauti ya Afrika viliegemeana kwa maana kamili ya neno.

Katika karne hii ushirikiano umechukua sura mpya. Wakuu wa Brazili, Urusi, India na China walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na Afrika Kusini ikahudhuria kama mwanachama mwaka 2011. Mwaka 2013, mjini Durban, liliundwa baraza la taasisi za utafiti za kundi hilo la BRICS, na mwaka 2014 ikaamuliwa kuanzishwa kwa Benki Mpya ya Maendeleo yenye makao yake Shanghai. Misri na Ethiopia ziliingia katika kundi mwaka 2024.

Ni lazima hata hivyo tuwe waangalifu na kiambishi -an-. Kutegemeana kunadai watendaji wawili au zaidi, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Uchumi wa China peke yake ni mkubwa kuliko jumla ya chumi za wale wanne wengine wa mwanzo. Pale ambapo mmoja anaegemea na mwingine anaegemewa tu, kitenzi kinarudi katika umbo lake la kwanza, hata kama tamko la mkutano limeandikwa kwa umbo la tatu.

5.0 Lugha ya maarifa

Msamiati wa biashara wa Kiswahili unatukumbusha kwamba mambo yaliwahi kuwa tofauti. Maneno ushuru, faida, hasara na rasilimali yametoka katika Kiarabu. Bima, hundi, laki na bepari yametufikia kutoka India, na bepari, kabla ya kupata maana ya kisiasa, alikuwa mfanyabiashara tu. Maneno haya yalivuka Bahari ya Hindi pamoja na majahazi, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja hadi kwa mwingine, bila kupitia London wala New York.

Leo mambo ni kinyume. Neno hataza limo katika kamusi zetu, lakini mgonjwa aliyenufaika na tamko la Doha hajawahi kulisikia. Tatizo si uhaba wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili zimefanya kazi kubwa ya kuziunda na kuzisanifisha tangu miaka ya 1970. Tatizo ni kwamba hatuandiki kwa Kiswahili hoja ambazo zingezitumia istilahi hizo. Istilahi bila hoja ni kama mtumbwi uliotiwa nanga: umekamilika, lakini hausafirishi mtu.

Nafasi ipo. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi yake ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika lilianza biashara tarehe 1 Januari 2021. Mfanyabiashara wa mpakani, aliye Namanga au Kasumbalesa, anaguswa na kanuni za eneo hilo kila siku, na lugha ambayo angezielewa kwayo si Kiingereza cha wanasheria.

6.0 Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vikuu vyetu vifundishe tafsiri ya moja kwa moja baina ya Kiswahili na Kireno, Kihispania, Kichina na Kihindi, ili kitabu cha Brazili kisilazimike kungoja miaka kumi kwa mchapishaji wa nchi ya tatu. Pili, kila utafiti unaogharamiwa na umma kuhusu biashara na maendeleo uwe na toleo la Kiswahili linaloweza kusomwa na wale unaowahusu.

Prebisch, Amin, Rodney na Nyerere walituachia hoja ambazo zingali na nguvu. Mkulima wa mkonge aliielewa mojawapo kwa sababu aliambiwa kwa lugha yake. Ushirikiano ambao wananchi hawawezi kuusoma hawataweza kuusahihisha, na wasioweza kuusahihisha wataendelea kuwategemea wanaouandika.