Neno «Nadhani» la Bwana Stanley

Mji wa Kisangani uliitwa Stanleyville hata mwaka 1966. Jina lile lilitoka kwa Henry Morton Stanley, aliyepita penye maporomoko ya Boyoma mwezi wa Januari 1877, akarudi mwezi wa Desemba 1883 kuweka kituo. Lakini watu wengi duniani hawamkumbuki kwa kituo kile. Wanamkumbuka kwa maneno mawili ya Kiingereza: «I presume», maana yake «nadhani».

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka Bagamoyo na wapagazi wengi kumtafuta Daktari David Livingstone. Akamkuta Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anasema kwamba alivua kofia, akamtaja daktari kwa jina, kisha akaongeza maneno yale mawili. Waingereza waliposoma wakacheka, na maneno yakawa mzaha wa watu wote. Kwa nini?

Tufikiri kidogo. Asiye na dalili yoyote hukisia. Mwenye dalili, lakini hajathibitisha, hudhani. Aliyethibitisha hujua. «I presume» ni neno la yule wa katikati. Umemwona mgeni mlangoni pa shule, ana vitabu na chaki mkononi. Hapo waweza kuandika: «You are the new teacher, I presume?» Tia mkato kabla ya maneno hayo, na alama ya kuuliza mwishoni, kwa kuwa unangoja jibu. Yakitangulia, basi unaeleza tu, wala huulizi. Andika: «I presume that you are the new teacher.» Hapo hakuna mkato, na mwisho ni nukta.

Lakini usiyatumie kwa jambo unalolijua hakika. Ukimwandikia mama yako, «You are my mother, I presume?», atacheka, au atakasirika.

Ndivyo ilivyokuwa Ujiji. Mbele ya Stanley alisimama mzee wa Kizungu mwenye mvi, na Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwa amekwisha kuja mbio kumlaki njiani. Alijua, akasema kama anayedhani. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka kushika adabu mbele ya Waarabu waliokuwa wakitazama.

Je, aliyasema kweli? Livingstone aliandika habari za mgeni wake na bendera ya Marekani iliyotangulia msafara, bali maneno yale hakuyaandika. Katika daftari la Stanley, ukurasa wa saa ile umechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, anaona kwamba aliyatunga baadaye. Hata tarehe, 10 Novemba, ina mashaka, maana Stanley alikuwa amepotewa na hesabu ya siku.

Tazameni basi, wasomaji. Mtu yule alisema «nadhani» penye jambo aliloliona kwa macho, na penye mashaka akaandika kama mwenye hakika. Sisi tunaoandika barua, au habari za wazee wetu, tufanye kinyume chake. Tulichokiona tukiseme waziwazi. Tulichosikia tu, tusione haya kuandika: nadhani.