Jinsi ya Simba: Sarufi, Sauti na Uhaba wa Mashujaa wa Kike katika Filamu za Katuni

Sentensi "Simba alirudi kwao akatawala" haimwelezi msikilizaji wa Kolwezi iwapo simba huyo ni dume au jike. Kiambishi a- huonyesha nafsi, wala hakionyeshi jinsi. Ndivyo ilivyo pia katika Kiluba, Kilunda na Kibemba, lugha zinazopakana na Kiswahili katika ukanda wa shaba. Anayetaka kutaja jinsi hana budi kuongeza neno: simba jike, Baba Simba, Mama Simba. Jambo hili la sarufi linasaidia kueleza jinsi shujaa wa hadithi za watoto alivyogeuka kuwa mwanamume alipoingia katika sinema.

Katika ngano za Waluba, mjanja mkuu ni Kabundi, mnyama mdogo awashindaye wakubwa kwa akili. Kiambishi ka- katika jina lake chadokeza udogo, si jinsi. Ni kweli kwamba hadithi ikimwoza mke, mambo hubainika. Lakini penginepo suala hilo huachwa wazi. Zaidi ya hayo, msimulizi wa jioni mara nyingi alikuwa bibi wa watoto. Hivyo, msichana aliweza kujiona katika Kabundi bila kuzuiwa na neno lolote, na sauti iliyomletea shujaa huyo ilikuwa ya mwanamke.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, katika eneo la machimbo ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Sinema iliwafikia wakazi wa kambi za wafanyakazi kupitia kampuni na misheni, ikiwa burudani na pia chombo cha mafunzo. Katika miaka ya 1950, mmisionari Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza nchini Kongo filamu za katuni za Mboloko, swala mdogo wa ngano. Katika Kilingala jina hilo halina jinsi. Katika filamu, hata hivyo, mnyama huhitaji umbo, mwendo na sauti. Pale sarufi inaponyamaza, picha hulazimika kusema, na mtengenezaji hulazimika kuchagua.

Uchaguzi uliofanywa katika nchi zilizotawala soko unajulikana. Mashujaa wa Walt Disney katika Pinocchio (1940), Dumbo (1941) na Bambi (1942) wote ni wa kiume. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilitoa The Lion King, ikaazima majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki. Neno "simba", lisilo na jinsi kwa wenyewe, likawa jina la mwana wa mfalme. Nala akabaki kando yake. Kampuni ya Pixar, iliyotoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1995, haikuwa na mhusika mkuu wa kike mpaka Brave (2012), filamu yake ya 13. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Stacy Smith ulichunguza filamu 101 za watoto na familia zilizotolewa tangu mwaka 1990. Uligundua kwamba wahusika wa kike walikuwa asilimia 28 tu ya wahusika wote wenye kusema, ilhali wasimulizi wa kiume walikuwa asilimia 83. Bibi aliyekuwa akisimulia naye akatoweka.

Hutolewa hoja kwamba watazamaji hawapendi shujaa wa kike. Historia ya Katanga haiiungi mkono. Wachoraji wa miji ya shaba walichora mara nyingi Mamba Muntu, kiumbe nusu mtu nusu samaki atoaye utajiri kwa masharti. Jina lake nalo halitaji jinsi, kwani muntu ni mtu yeyote. Hata hivyo wachoraji walimpa umbo la mwanamke, na wafanyakazi wa migodi wakamnunua na kumtundika sebuleni.

Wala tatizo si la wageni peke yao. Mkongo Jean-Michel Kibushi, mmoja wa waanzilishi wa katuni za nchi hii, alimpa mwanamfalme nafasi ya kwanza katika Prince Loseno (2004). Mabadiliko yameonekana kwa majirani. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limemfanya msichana kuwa kiini cha Akili and Me. Na mwaka 2023 Mzambia Malenga Mulendema aliwaletea watazamaji Supa Team 4, wasichana wanne wa Lusaka.

Kwa Lualaba, suala hili lagusa tafsiri. Filamu za kigeni huwafikia watoto hasa kwa Kifaransa, lugha ambayo kila nomino hupewa jinsi. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri hataweza kuibadili picha. Ataweza, hata hivyo, kuchagua sauti ya msimulizi, na kuacha kuongeza "Bwana" pale ambapo matini hayamdai. Watengenezaji wa kesho nao wanayo hazina ya ngano ambamo Kabundi bado hajaamuliwa jinsi. Uamuzi huo ukifanywa bila kufikiriwa, utafanana na ule uliokwisha kufanywa kwingineko, na msichana wa Kolwezi atapoteza nafasi ambayo lugha yake ilikuwa imemwachia.