Toka lokole mpaka telefone: nani anasikia maneno yetu?

Mara nyingi mu mikutano yetu tunasikia wazee wanasema: "Telefone ndiyo imeharibu kijiji." Na vijana wanajibu: "Wazee, bila telefone mungebaki mu giza." Sisi tunaona pande zote mbili zinasahau jambo moja. Bankambo wetu hawakukaa bila chombo cha kutuma habari. Walikuwa na lokole. Na kila chombo kilichokuja nyuma yake, barua, foni, telefone, kilileta ulizo lile lile: maneno yakitoka mu kinywa cha mtu, nani ana haki ya kuyasikia? Hapa tunataka kufuata ulizo hilo kwetu Kisangani, kwa sababu linagusa nyumba ya kila mtu.

1. Lokole: habari ya watu wote

Lokole ni gogo la mti mgumu lililochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu. Midomo miwili ya mwanya hailingani unene, ndiyo maana upande mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Lugha ya Walokele, sawa lugha nyingi za kwetu, inapandisha na kushusha sauti, na neno likibadilishwa sauti linakuwa neno lingine. Mpigaji hakupiga alama za kujifunza kwa siri. Alipiga sauti za maneno yenyewe. Lakini maneno mengi yanafanana sauti. Kwa hiyo badala ya kusema "mwezi" tu, alipiga sentensi nzima ya kueleza mwezi, ili msikilizaji asichanganye. Habari fupi ya kinywa ikawa ndefu mu ngoma.

Mtu aliyeandika vizuri mambo hayo ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo 1938 na kukaa Yakusu, karibu na Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka 1949. Anaeleza namna sauti ilivyofika mbali, karibu kilometa 10 wakati hewa imetulia, na namna kijiji kingine kilivyoipokea na kuipeleka mbele. Anaeleza pia kama kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Yeye mwenyewe alipewa lake.

Tuangalie sasa siri ilikuwa wapi. Kwa lokole siri haikuwa. Mvuvi akiitwa arudi toka mto, vijiji vya kando vyote vilijua nani ameitwa. Lakini ndiyo sababu watu walichagua. Habari zilizopita mu lokole zilikuwa za wote: kifo, karamu, mieleka, kufika kwa mgeni. Jambo la bwana na bibi yake, ao deni kati ya ndugu wawili, lilingoja watu wenyewe waonane. Chombo kilikuwa wazi, na kila mtu alijua kama kiko wazi.

2. Barua na mtoto wa masomo

Wakoloni walileta njia zingine. Mbele ya vita ya 1914 walikwisha kusimamisha vituo vya radio toka Boma mpaka Elisabethville, lakini hiyo ilikuwa ya serkali na kampuni. Mtu wa kawaida alipata barua. Masua ilifika beach, mifuko ya posta ikashushwa, na watu wakaenda kuuliza kama kuna yao.

Watu wanasema barua ni siri kwa sababu bahasha imefungwa. Lakini mama asiyejua kusoma alifanya nini? Aliita mtoto wa jirani anayesoma. Mtoto wa miaka kumi alisoma kwa sauti habari ya mume aliyeoa mwanamke mwingine Léopoldville, na alipaswa kunyamaza. Wengi kati yetu tulifanya kazi hiyo. Tulipewa ndizi ao muwa, na wazazi walituonya: "Ulichosoma kwa watu, kinabaki kwa watu." Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo mu darasa. Ilikuwa adabu ya kijiji iliyoingia mu chombo kipya.

Wakati huo lokole ilianza kunyamaza. Carrington aliona kama vijana wa masomo hawajifunzi tena kupiga. Kazi ya mpigaji haikulipa tena, kazi ya karani ililipa.

3. Foni: chumba kimoja, masikio mengi

Posta ya Zaïre ilipoanguka, watu walirudi kwa sauti. Ndiyo wakati wa foni, ile radio ya antene ndefu iliyokuwa mu misioni na mu nyumba za wafanya biashara. Ulilipa, ulipanga saa, na upande mwingine mjumbe alienda kumtafuta ndugu yako. Mulisema kwa zamu: "À vous!" Nyuma yako watu kumi walikaa juu ya benchi wakingoja, na kila aliyefungua masafa hayo alisikia pia.

Kutoka 1998, vita ilipokata mto kati ya Kisangani na Kinshasa, foni ilikuwa kamba ya mwisho. Baada ya vita ya siku sita ya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na ya Uganda ndani ya muji wetu, watu walipanga mstari juu ya kusema neno moja tu: "Tuko wazima." Tunakumbuka mama mmoja aliyeambiwa kifo cha mtoto wake mbele ya watu wote. Hata mmoja hakucheka, hata mmoja hakutoka. Wale wa benchi, wasiojuana naye, walisimama wakamshika mpaka kwake. Foni haikuwa na siri, lakini aliyesikia habari yako alikuwa hapo na mikono yake.

Tunasema hivi si kwa kusifu taabu. Watu walijifunza pia kusema kwa mafumbo: "mchele" ilikuwa feza, "mgonjwa" alikuwa biashara iliyokufa. Waliposikiwa, walijua wanasikiwa.

4. Telefone: mfuko una masikio

Telefone ya mkono haikuanza juzi. Telecel ilifungua Kinshasa 1986, kati ya za kwanza mu Afrika, lakini ilikuwa ya wakubwa. Chombo kimoja kilikuwa bei ya maelfu ya dola. Kwa watu wote ilianza na Celtel mu 2000 na Vodacom mu 2002. Kisha tuliona kabini chini ya miavuli, wauza inite, na "nibipe, nitakuita."

Kazi ilibadilika sana. Tuchukue toleka zetu. Wakati wa vita, essence ilipokosa, vijana walibeba watu na mizigo juu ya kinga, na mteja alimtafuta mwenye kinga kwenye kona yake. Leo mwenye moto anaitwa kwa telefone. Anapata wateja wake bila kuzunguka bure, hiyo ni faida. Lakini anaitwa pia saa sita ya usiku, na akikataa, mteja anaita mwingine. Kona ya toleka ilikuwa mahali pa kazi yenye mwisho. Telefone haina mwisho wa kazi.

Feza nayo iliingia mu telefone. M-Pesa ilianza Kongo 2012. Mama wa soko halali tena na feza chini ya godoro. Na mu 2025, benki zilipofungwa Goma na Bukavu, watu wengi huko walibaki na telefone peke yake juu ya kupokea msaada wa ndugu. Lakini angalia: mzee asiyejua kusoma anampa nani namba yake ya siri? Anampa mjukuu. Ni mtoto yule yule wa barua! Tofauti ni moja. Sisi tulionywa. Mjukuu huyu, nani amemuonya?

5. Mwenye kufunga mlango

Kuna mwingine anayesikia. Lokole, mtu wa mbali hakuweza kuizima. Telefone inazimwa. Mu Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serkali ilisimamisha mesaji inchi nzima kwa majuma kadhaa. Viziwi, wanaoongea kwa kuandika, ndio walibaki bubu kabisa. Mu Januari 2015 intaneti ilikatwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ilikatwa tena, karibu siku ishirini.

Lakini sheria iko. Katiba ya 2006, sehemu ya 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya barua na ya telefone. Mu 2023 ikaja pia sheria kubwa ya mambo ya dijitali, yenye sehemu ya kulinda habari za mtu. Tunajua kama karatasi haitoshi. Lakini mtu asiyejua haki yake hawezi hata kuiomba.

6. Tufanye nini?

Sisi hatuombi watu watupe telefone. Shida yetu ni kama chombo kilikuja mbio, adabu ikabaki nyuma. Lokole ilikuwa na adabu yake, barua ilikuwa na yake, foni pia. Telefone inafanya mtu afikiri yuko peke yake, kumbe si peke yake. Picha ya marehemu inazunguka mu vikundi mbele mama yake hajaambiwa. Dada anajua kifo cha baba akiwa juu ya moto, bila mtu wa kumshika. Bankambo hawangekubali.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa jamaa zetu. Kwanza, habari ya kifo ipelekwe na mtu mwenye miguu; mwenye kuwa mbali aitwe kisha jirani yake amekwisha kufika. Pili, mtoto anayesaidia wazee na telefone aonywe wazi, sawa sisi tulivyoonywa. Tatu, picha ya mtu isitumwe bila yeye kukubali.

Na ombi la mwisho. Kama mu jamaa yako kungali mzee anayejua kupiga lokole, nenda kwake siku ya yenga, kaa chini, umuulize jina la ngoma la nyumba yenu. Uandike maneno yake yote, ao uyashike ndani ya telefone yako. Lakini umuombe ruhusa kwanza.