Wimbo, Muziki wa Filamu na Mzigo wa Historia: "Miss Misery" katika Good Will Hunting (1997)

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza wimbo mmoja na muziki wa filamu moja, na kuonyesha jinsi mapokezi ya baadaye yalivyovitenganisha vitu ambavyo kazi yenyewe ilikuwa imeviunganisha. Wimbo ni "Miss Misery" wa Elliott Smith. Muziki ni ule uliotungwa na Danny Elfman. Vyote viwili vimo katika filamu ya Good Will Hunting, iliyoelekezwa na Gus Van Sant na kutolewa nchini Marekani mnamo Desemba 1997.

Hoja yetu ni kwamba wimbo huu umesikilizwa kwa muda mrefu kupitia tarehe mbili. Ya kwanza ni 23 Machi 1998, siku Smith alipouimba katika hafla ya Tuzo za Oscar. Ya pili ni 21 Oktoba 2003, siku alipofariki mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 34. Tarehe zote mbili zilikuja baada ya kazi kukamilika, ilhali ndizo zinazotumiwa mara nyingi kuieleza. Mhakiki wa kihistoria ana wajibu wa kuuliza kazi hiyo ilikuwa inafanya nini mwaka 1997, kabla ya tuzo na kabla ya kifo.

Swali hili haliwahusu wapenzi wa muziki wa Marekani peke yao. Linatukabili kila tunapofundisha ushairi. Tunapoisoma Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, hatuwezi kukiweka kando kifungo cha mshairi cha kati ya 1969 na 1972, kwa kuwa mashairi yale yalitungwa gerezani. Pale maisha yaliitangulia kazi na kuizaa. Katika kisa cha Smith mambo ni kinyume: tukio linalotumiwa kuufasiri wimbo lilitokea karibu miaka sita baada ya wimbo wenyewe kusikika. Ni muhimu mhakiki atofautishe hali hizi mbili.

Usuli wa Wimbo

Smith alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1969, akakulia Texas, kisha akahamia Portland, Oregon. Huko alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Heatmiser, bendi ya magita ya umeme yenye kishindo kikubwa. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, Roman Candle (1994), ilirekodiwa kwa kinasasauti cha njia nne katika chumba cha chini ya nyumba, ikatolewa na Cavity Search, kampuni ndogo ya Portland. Albamu mbili zilizofuata, Elliott Smith (1995) na Either/Or (1997), zilitolewa na Kill Rock Stars, kampuni nyingine ndogo, ya Olympia katika jimbo la Washington.

Muziki wa aina hii huitwa "huru" au "wa kujitegemea". Kwa asili, sifa hiyo ni ya kiuchumi: inatambulisha muziki usiomilikiwa na kampuni kubwa za kurekodi. Hata hivyo, ufinyu wa zana uligeuka kuwa sehemu ya fani. Kinasasauti cha njia nne hakina nafasi ya kuwapokea wapigaji wengi, na chumba cha nyumbani hakina mwangwi wa ukumbi. Kinachobaki ni sauti iliyo karibu sana na sikio, pamoja na mkwaruzo wa vidole juu ya nyuzi. Aidha, Smith alizoea kuimba mistari ile ile mara mbili na kuzilaza sauti hizo moja juu ya nyingine. Matokeo yake ni sauti ya mtu mmoja inayosikika kama imeandamana na kivuli chake. Ilhali waimbaji wengi wa mapokeo ya watu wa miaka ya 1960 walisimama na gita mbele ya umati na kuuhutubia, nafsineni wa Smith humnong'onezea msikilizaji mmoja.

Van Sant naye alikuwa mkazi wa Portland, na filamu zake Drugstore Cowboy (1989) na My Own Private Idaho (1991) zilimjengea jina kabla ya Good Will Hunting. Kwa hiyo nyimbo za Smith ziliingia katika filamu kwa njia ya ujirani zaidi kuliko njia ya soko.

Mbinu yenyewe haikuwa mpya. The Graduate (1967) ilitumia nyimbo za Simon na Garfunkel, na McCabe & Mrs. Miller (1971) ilitumia nyimbo za Leonard Cohen zilizokwisha kutolewa mwaka 1967. Good Will Hunting inafuata mkondo huo. "No Name #3" ilitoka katika albamu ya 1994, na "Angeles", "Between the Bars" na "Say Yes" zilitoka katika Either/Or. "Miss Misery" ndiyo iliyotolewa kwa mara ya kwanza pamoja na filamu, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyoweza kushindania tuzo. Lakini hata huo una historia ya miswada: umbo lake la awali, lenye maneno yaliyo tofauti kwa sehemu, lilichapishwa katika mkusanyo wa New Moon mwaka 2007. Mtu anayeuchukulia wimbo huu kuwa kilio kilichomtoka mtunzi bila kutafakari hana budi kuuzingatia ushahidi huo. Wimbo ulifanyiwa kazi, ukarekebishwa.

Muziki wa Danny Elfman

Elfman, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1953, alitoka pia katika bendi, Oingo Boingo, iliyovunjwa mwaka 1995. Kufikia wakati huo alikuwa amejipatia sifa kwa okestra kubwa, nzito na yenye giza, kama inavyosikika katika Batman (1989), na kwa ndoto za kitoto za Edward Scissorhands (1990). Alikuwa pia amefanya kazi na Van Sant katika To Die For (1995).

Katika Good Will Hunting mtunzi huyu alipunguza sauti yake. Muziki wa ufunguzi, unaoandamana na picha za kurasa zilizovunjika vipande kama vioo, umejengwa kwa ala chache zinazosikika wazi, na kwa sauti za waimbaji zisizotamka neno. Hazimwelezi mtazamaji ahisi nini. Zinamtayarishia mahali pa kusikilizia. Elfman hakujaribu kushindana na gita la Smith. Alitunga muziki ambao gita hilo lingeweza kuingia ndani yake bila kushtua.

Ushahidi mkubwa wa ushirikiano huu ni "Between the Bars". Wimbo huo, ambao mapigo yake huenda tatu tatu, umo katika albamu ya filamu mara mbili: mara moja kama ulivyo katika Either/Or, na mara nyingine ukiwa umezungukwa na okestra. Sura ya okestra ndiyo inayoifungua albamu. Katika vipande 15 vya albamu hiyo, sita ni vya Smith na viwili tu ni vya Elfman. Msikilizaji wa albamu angeweza kudhani kuwa Elfman alikuwa mgeni katika filamu hii. Mtazamaji wa filamu anajua kwamba muziki wake ndio unaoziwezesha nyimbo zile kusikika kama mawazo ya mhusika, badala ya kuwa santuri iliyowekwa juu ya picha.

Wimbo na Mwisho wa Filamu

Good Will Hunting inamhusu Will Hunting, kijana wa South Boston anayefanya kazi ya usafi katika chuo cha MIT, mwenye kipaji adimu cha hisabati na majeraha ya utotoni. Mwishoni anaiacha kazi aliyotafutiwa na kuondoka kwa gari kuukuu kuelekea California, akimfuata Skylar, mwanamke anayempenda. Gari linaonekana likienda katika barabara ndefu huku majina ya watengenezaji yakipita, na "Miss Misery" inasikika.

Kwa taswira peke yake, huu ni mwisho wa furaha. Wimbo unasema jambo jingine. Nafsineni anakiri kuwa ataisukuma siku kwa msaada wa pombe. Anasimulia juu ya mtu anayemsomea kiganja. Kisha anamgeukia mwanamke na kumuuliza kama kweli anamtamani jinsi anavyodai. Jina la wimbo ni mchezo wa maneno: tamko moja la Kiingereza ni jina la heshima la mwanamke asiyeolewa na pia kitenzi cha kumwonea hamu asiyekuwapo. Kiswahili hakina neno moja lenye sura hizo mbili, na mfasiri atakayeandika "Bi. Huzuni" atampata mwanamke na kuipoteza hamu. Huzuni yenyewe ndiyo mpenzi anayeulizwa.

Kiitikio ni swali, na filamu inamalizika kabla ya Will kufika. Kwa hivyo swali linabaki wazi. Hapa tunaweza kujifunza kutokana na ngano zetu. Fanani anapokatiza hadithi kwa wimbo, wimbo huo si pambo. Mara nyingi hubeba lile ambalo masimulizi hayawezi kulitamka, na hadhira huuitikia ikijua zaidi ya wanavyojua wahusika. "Miss Misery" inafanya kazi ya namna hiyo. Picha inasema kijana ameenda. Wimbo unauliza kama kuna anayemngoja.

Machi 1998 na Baada Yake

Filamu iliteuliwa katika vitengo tisa vya Oscar na kushinda viwili: hati ya filamu, iliyoandikwa na Matt Damon na Ben Affleck, na mwigizaji msaidizi, Robin Williams. Wimbo wa Smith na muziki wa Elfman viliteuliwa katika vitengo tofauti, na vyote vikashindwa na Titanic. Smith alipanda jukwaani akiwa amevaa suti nyeupe, akaimba wimbo uliofupishwa, okestra ya ukumbi ikimsindikiza. Celine Dion naye aliimba "My Heart Will Go On".

Tangu hapo usiku huo umesimuliwa kama pambano la mnyonge na wenye nguvu. Masimulizi hayo yana mvuto, lakini yanapotosha. Kwanza, Smith mwenyewe alimsema Dion kwa wema na kumtetea alipokejeliwa. Pili, yanaficha jambo lenye manufaa zaidi kwa mhakiki. Muziki wa Titanic na wimbo wake vilitokana na mtunzi mmoja, James Horner, aliyeandikiwa maneno na Will Jennings, na lahani ya wimbo ilichipuka katika muziki wa filamu. Katika Good Will Hunting njia ni ya upande wa pili: nyimbo zilitangulia, na muziki ukazifuata kwa adabu. Hizi ni jinsi mbili za kuunganisha wimbo na filamu, na kila moja ina uzuri wake. Vitengo vya tuzo havikuwa na nafasi ya kuupima muungano huo.

Kifo cha 2003 kiliongeza pazia la pili. Wengi walirudi kwenye wimbo wakitafuta dalili, nao hawakukosa kuziona, kwa maana wimbo unaotaja pombe na huzuni humpa kila mtafutaji alichokuja kukitafuta. Lakini kuusoma hivyo ni kumnyang'anya mtunzi ufundi wake: kejeli, mchezo wa maneno, na uamuzi wa kuliacha swali bila jibu. Ni pia kumsahau Elfman kabisa, kwa sababu kilio cha mtu mmoja hakihitaji mshirika.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Miss Misery" hufahamika vyema zaidi inaporudishwa katika filamu ya 1997 na kando ya muziki uliotayarisha njia yake. Hatudai kuwa maisha ya mtunzi hayana nafasi katika uhakiki. Tunachodai ni kwamba mfuatano wa tarehe uheshimiwe: lililotokea kabla laweza kuwa chanzo, na lililotokea baadaye ni sehemu ya historia ya mapokezi, inayostahili kuchunguzwa kwa jina lake. Wanafunzi wanaoandika juu ya nyimbo katika filamu wangefaidika kwa kuanza na swali dogo: wimbo unapoingia, picha inasema nini, na wimbo unakubali au unakataa?