Waliomwona Mungu: Kutoka Mamre hadi Kambi za Kolwezi

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, kinasema Bwana alimtokea Ibrahimu penye mialoni ya Mamre. Lakini Ibrahimu alipoinua macho aliona watu watatu. Akawapa maji ya kunawa miguu, Sara akakanda unga, ndama akachinjwa, wageni wakala chini ya mti. Mara wanazungumza kama watatu, mara anazungumza mmoja, na huyo mmoja ni Bwana. Baadaye wageni wanashika njia ya Sodoma, na Ibrahimu anabaki amesimama mbele za Bwana. Mapokeo ya Kiyahudi yanauhesabu mstari huo kati ya mistari 18 iliyorekebishwa na waandishi wa kale kwa ajili ya heshima: hapo awali, yanasema, ni Bwana aliyebaki amesimama mbele ya Ibrahimu.

Woga huo wa kumleta Mungu karibu mno haukuishia hapo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 24, kinasimulia kwamba Musa, Haruni na wazee 70 walimwona Mungu wa Israeli, wakala na kunywa. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki waliandika kuwa waliona mahali aliposimama Mungu. Targumu ya Onkelosi, kwa Kiaramu, ikasema waliona utukufu wake. Sababu yao ilikuwa ndani ya kitabu hichohicho: sura ya 33 inasema Musa alisema na Bwana uso kwa uso, na mistari michache baadaye inasema hakuna mwanadamu atakayemwona Mungu akaishi.

Wafasiri waliofuata walitafuta jina la mgeni wa Mamre. Katika karne ya 2 Yustino Mfiadini alisema mmoja wa wale watatu ni Neno wa Mungu. Agostino, mwanzoni mwa karne ya 5, alishikilia kwamba Mungu haonekani kwa macho ya mwili, hivyo alijidhihirisha kwa njia ya malaika na viumbe. Talmudi inawataja Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Maimonides, katika karne ya 12, alifundisha kwamba yote yalitukia katika maono ya nabii, na Nahmanides akampinga vikali karne iliyofuata. Wote walisumbuliwa na swali moja: aliyetokea ni nani?

Maandiko yenyewe yana swali la pili: maono hayo yanaeleweka pamoja na nani? Samweli, kijana wa hekaluni, aliitwa usiku akadhani ni mzee Eli. Alimwendea mara tatu kabla Eli hajatambua kuwa anayeita ni Bwana, akamfundisha kijana namna ya kuitika. Katika Waamuzi 13, malaika wa Bwana anamtokea mke wa Manoa, mwanamke asiyetajwa jina. Anapomtokea tena shambani, mama huyo anakimbia kumwita mumewe. Wanatoa sadaka, malaika anapaa katika mwali wa madhabahu, na Manoa anaingiwa na hofu: wamemwona Mungu, watakufa. Mkewe ndiye anayefasiri. Kama Bwana angetaka kuwaua, anamwambia, asingeipokea sadaka mikononi mwao, wala asingewaonyesha mambo hayo yote. Anayapima maono kwa kile kilichopita kati yao na mgeni. Hadithi inaishia kwenye uzazi: Samsoni anazaliwa.

Swali hilo la pili ndilo lililopata makao Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo. Placide Tempels, Mfransiskani Mbelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akahubiri miaka mingi kati ya Waluba. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945. Mwaka uliofuata alirudi Ubelgiji, akazuiwa huko hadi 1949. Kuanzia 1953 alifanya kazi Kolwezi, katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, kama Musonoi. Kampuni hiyo ilikuwa imeacha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kutegemea vibarua wa muda, ikataka mfanyakazi aishi na mke na watoto. Kambini walikutana watu wa Kasai, wa Katanga na wa mbali zaidi, wakiongea Kiswahili. Ndipo lilipozaliwa vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa.

Mafundisho yake yalishika mawazo makuu matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mtu hakuingia peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa na mume na mke waliotangulia, ambao walikuwa baba na mama yao katika imani. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1960, alionyesha jinsi ndoto zilivyopewa uzito katika safari hiyo. Lakini ndoto haikubaki mali ya aliyeiota. Aliisimulia kwa wakubwa wake, nao wakaipima kwa mafundisho.

Ukisoma Mamre kwa macho ya Jamaa, mambo matatu yanajitokeza ambayo mabishano ya wanazuoni yaliyafunika. Mungu anawajia watu wa ndoa nyumbani kwao. Anapokelewa kwa chakula. Na neno analoleta ni la uzazi: Sara atapata mwana. Usomaji huu haujibu swali la Yustino wala la Agostino, lakini unarudisha katikati ya simulizi mambo ambayo simulizi lenyewe limeyapa nafasi kubwa.

Ukaribu huo uliwatia hofu viongozi wa Kanisa kama ulivyowatia hofu waandishi wa kale. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Kundi lililoitwa Katete lilijitenga na Jamaa, likashutumiwa kwa kuvuka mipaka ya maadili, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana Jamaa. Hofu yao haikuwa bure, kwa maana mtu anayedai kuonyeshwa jambo na Mungu anaweza kuwadhuru wengine. Ila Jamaa ilikuwa na kipimo chake tangu mwanzo, na kipimo hicho kilikuwa cha zamani kuliko Katanga: Eli alikijua, na mke wa Manoa alikitumia kumtuliza mumewe.

Kwa sababu hiyo mafundisho yaliyotolewa kwa Kiswahili katika kambi za shaba yanastahili kusomwa sambamba na Agostino na Maimonides, kama ufasiri wa Maandiko. Leo Kolwezi inajulikana duniani kwa kobalti. Ni haki ijulikane pia kama mji ambao wachimbaji na wake zao walifundishana kumtambua Mungu, na kutokubali maono yoyote kabla ya kuyaweka mbele ya wenzao.