Bata Chambo na Bata Pambo

Marekani kuna watu wanaokusanya ndege wa mbao waliochongwa zamani kwa ajili ya uwindaji. Kwa Kiingereza ndege hao huitwa decoy, na wafasiri wetu hukimbilia kusema “bata bandia”. Tafsiri hiyo inaonea kitu chenyewe. Bandia hueleza kuwa kitu si halisi. Haielezi kinafanya kazi gani. Bata huyu alielea karibu na maficho ya mwindaji ili bata walio angani wadhani wenzao wametua salama, nao washuke.

Napendekeza bata chambo, kwa muundo ule ule wa askari kanzu. Ni kweli chambo cha mvuvi huliwa na huyu haliwi, lakini neno limekwisha kupanuka: mtu anayetumiwa na polisi kumnasa mhalifu naye tunamwita chambo. “Mtego” ungefaa zaidi maana ya zamani. Neno la Kiingereza lina asili ya Kiholanzi, kooi, yaani tundu, na huko Ulaya lilihusu bwawa lenye mifereji iliyofunikwa nyavu, ambamo bata walinaswa. Huyu wa mbao hanasi, anaita tu.

Wenyeji wa Amerika walimjua bata chambo kabla ya Wazungu kufika. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, walifukuliwa bata 11 wa matete, wenye umri wa miaka 2,000 hivi.

Wa mbao huchongwa kwa mwerezi au msonobari, na wengi hukombwa ndani ili waelee vizuri. Mgeuze juu chini: utaona bamba la risasi la kumzuia asipinduke, kitanzi cha kamba ya nanga, pengine na chapa ya mwenyewe iliyochomwa kwa moto. Ubavuni huwa na vitundu vya marisau. Mkusanyaji makini hapaki rangi mpya, maana rangi ya kwanza, hata ikiwa imechujuka, ndiyo inayobeba thamani.

Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 ilipiga marufuku kuwauza sokoni, na mahitaji ya bata chambo yakashuka. Wachongaji kadhaa, wakiwemo A. Elmer Crowell wa Massachusetts na ndugu wawili Ward, vinyozi wa Crisfield, Maryland, walichonga pia ndege wa kuwekwa rafuni, wasiokusudiwa kuguswa na maji. Hao tuwaite bata pambo. Tofauti hiyo ina uzito mnadani, na “bata bandia” ingeifuta kabisa. Mwaka 2007 bata chambo mmoja wa Crowell, anayejipanga manyoya, aliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.

Na upatanisho wa kisarufi wa bata chambo uwe wa viumbe, ingawa ni gogo: bata chambo huyu amepasuka shingoni, wale wawili wana macho ya kioo.